Wavu wa Nchi Mbili

Juzi, kwenye kaunta ya kituo kimoja cha polisi huku Busia, upande wa Uganda, mwindaji kutoka Lunyo alieleza kwamba wavu wake wa swala, aliousokota kwa mkono msimu mzima, umeibwa. Alikuwa ameufunga kwenye miti miwili, mmoja kila ukingo wa kijito cha mpakani.

“Kwa nini uliuacha msituni, mzee?”

“Afande, ulitaka niutege kitandani?”

Askari hakucheka. “Ng'ambo ya kijito ni Kenya. Kashitaki huko.”

“Natoka huko. Wamesema Uganda.”

Askari aliifunika kalamu yake polepole, akamwita aliyefuata. Mwindaji akabaki ameshika kipande cha kamba kilichokatwa.

Mpaka wetu, basi, haumzuii swala wala mwizi. Unamzuia mlalamikaji tu.