Pipa la Nane la Mzee Étienne

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mwili unanisisimka hadi leo, ingawa sasa nina wajukuu na magoti yangu yananung'unika kwenye kila ngazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa Ufaransa, ndani ya ghala la mvinyo, nimeshika glasi, na kilichokuwa ndani ya glasi ile nilikijua kuliko mzee aliyekitengeneza. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, nalitaja mapema usije ukadhani najisifu.

Masista walionisomesha kilimo kule Butembo ndio walionitafutia miezi sita ya mafunzo, staji kama tunavyosema, kwa familia moja yenye shamba la mizabibu. Nilifurahi hata nikawa naimba nikifua nguo. Shamba lile walikuwa wamerithishana vizazi vitano. Mwenyewe, mzee Étienne, alipenda kunitembeza akinihadithia. Babu wa babu yake alinunua kilima cha mawe, majirani wakamcheka, lakini mizabibu ikayapenda mawe yale. Baadaye wadudu wakala mizizi yote, familia ikang'oa kila mche na kuanza upya. Kisha vita ikachukua wanaume, na mjane mmoja akalima kilima kizima kwa farasi mmoja mzee. Mimi mtoto wa Kivu, mjane yule nilimwelewa bila mkalimani.

Walitengeneza mvinyo mwekundu wa aina mbili. Wa bondeni ulikuwa mwepesi, wa kunywa na chakula cha mchana. Wa kilimani ulikuwa mzito, una harufu ya matunda yaliyoiva na moshi kidogo, na ndio pekee uliobandikwa jina la familia. Mapipa yake yalikuwa kumi na mawili tu, na hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba ile mwaka mzima.

Nikuchekeshe kidogo. Siku ya kwanza ya kuonja, kila mtu alionja akatema kwenye ndoo. Mimi nikameza. Kwetu, ukitema pombe ya mwenyeji wako, umemtukana yeye na ukoo wake. Kufikia pipa la tano nilikuwa nawafundisha wimbo wa Kinande, lugha ya kwetu. Solange, binti wa mzee, alinishika mkono akanikalisha chini, akacheka mpaka machozi. Kutema nikajifunza. Kunyamaza mbele ya mzee ndiko nilikobaki nako.

Basi, siku yenyewe ikafika. Kesho yake mapipa yote ya kilimani yangemiminwa katika tangi moja kubwa, yachanganyike, yawe mvinyo wa mwaka. Solange alikuwa mjini. Mzee aliniita tuonje wawili, pipa kwa pipa. La kwanza hadi la saba yalikuwa mazuri ajabu, moyo ulinidunda kwa raha. Tukafika la nane.

Mwanangu, mama yangu alikuwa fundi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Nimekua nikinusa mitungi yake. Kasiksi ikianza kugeuka, kabla ulimi haujajua, pua inapata mchomo mdogo, mkali, wa siki. Pipa la nane lilikuwa na mchomo ule ule. Nilimtazama mzee Étienne. Alinusa, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaliandikia alama nzuri.

Nifanye nini? Nimelelewa kwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto wa kike, mgeni, amwambie mzee wa miaka sabini kwamba pombe yake inaoza? Nikasema, "Ndiyo, Papa." Nilimwita Papa kwa sababu jina lake tupu lilinishinda kutamka. Lakini nilijua, na aibu ilinikaa kifuani siku nzima.

Asubuhi nilipoingia ghalani pampu ilikuwa tayari inanguruma. Mpira wa pampu ulikuwa umeshaingizwa ndani ya pipa la nane. Nilikimbia, nikauchomoa kwa mikono yangu, mvinyo ukaniloanisha mpaka viatuni.

"Papa, simamisha. Hili linageuka siki."

Solange, aliyekuwa amerudi usiku, alizima pampu, akachota, akanusa, uso ukambadilika. Nusu ya pipa ilikuwa imeshaingia tangini. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwaka ule hakuna chupa hata moja iliyobeba jina la familia, kwa kuwa mapipa yaliyobaki hayakutosha peke yake, na mvinyo wote uliuzwa kama wa kawaida.

Mzee aliketi juu ya sanduku. Kisha akaniuliza, "Jana ulijua?"

"Nilijua, Papa."

"Na ukaninyamazia?"

"Kwetu mtoto hamsahihishi mzee mbele ya pombe yake."

"Binti, nina mafua wiki nzima, pua yangu imeziba. Nilikuita kwa sababu nilihitaji pua yako. Wewe ukanipa adabu. Watu wa kunipa adabu ninao wengi."

Nililia, sikufichi. Nilidhani nitafungishwa mizigo. Badala yake alinyanyuka, akanipa glasi, akanipeleka kwenye mapipa manne yaliyobaki. "Leo wewe unaonja kwanza. Mimi nitanyamaza." Nikaonja, nikasema: hili tayari, hili lingoje kidogo, hili ni tamu kuliko yote. Kila nilichosema alikiandika. Sijawahi kufurahi vile, si siku ya diploma, si siku ya ndoa yangu, na mume wangu, Papa wa nyumba hii, anisamehe.

Sasa nikuambie kwa nini nayafukua haya. Juzi ulikuja hapa kwangu Himbi, mikono bado inanuka maziwa ya Masisi mnayotengenezea jibini, ukaniambia: "Mama, niliona fromage ya muzee inaanza kuharibika ndani, lakini nilinyamaza. Ni muzee wangu wa kazi, mimi mutoto nitamuambia nini?" Nami nilikumiminia chai tu.

Jibu langu ni hili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Heshima ya kweli ni kumpa mzee kile anachokikosa, hata kama kinakuunguza mdomo. Usimseme mbele ya wateja. Msalimie, mkate jibini moja katikati, mpe anuse, kisha sema unachokijua, halafu kaa umsaidie kutupa kilichooza. Akikugombeza, pokea. Atakukumbuka.

Chai hii iache, mwanangu, ghala la mzee wako wa jibini halijafungwa bado. Nenda, na Mungu aubariki ulimi wako, aufanye mpole, asiufanye bubu.