Fundo la Lengalenga

Jirani wa Jokébed pale Kalunguta hakukubali lengalenga zote, ule mchicha wa kwao, ziingie chunguni. Mashina yaliyonona aliyaacha yazeeke shambani, kisha akayapukuchua kwa viganja, akafunga mbegu katika pindo la kikwembe alichojifunga. Jokébed alipomletea pakiti ya mbegu za dukani, jirani aliinusa tu. "Hii inazaa muzuri mara moja, mama. Batoto yake banakuwaka bazaifu." Vita ilipowakimbiza, askari wa bariyeri, kizuizi cha njiani, alilifungua fundo lile akidhani ni pesa, akazimwaga mbegu njiani kwa hasira. Jokébed ndiye aliyelia. Waliporudi, bariyeri ilikuwa imehama, na njia nzima imejaa lengalenga za kufika magotini. Jirani akainama, akachuma mashuke yaliyokomaa, akafunga pindo taratibu. "Ona, mama. Kumbe basoda ba bariyeri nabo banajua kulima."