Udongo wa Chini ya Misonobari

Tata Tshibangu alizaliwa Kolwezi, mkoani Katanga, akaoa Kolwezi, akafanya kazi ya umeme mgodini hadi nywele zikaanza kumpungua. Kasai, kwao baba yake, alikujua kwa hadithi tu. Lakini mbele ya nyumba yake kulikuwa na kitu ambacho mtaa mzima ulikijua: misonobari minne, ile miti yenye majani kama sindano ambayo watu wa huko huita sapin, mirefu kupita paa.

Msicheke, kuilea kwenye jua lile si mchezo. Miche ya kwanza aliipa samadi nzuri ya mbuzi, kama mtu anavyomlisha mgeni, nayo ikageuka njano ikafa. Ya pili vivyo hivyo. Ndipo alipochota udongo chini ya misonobari mikongwe ya misheni, udongo wenye nyuzi nyeupe kama ukungu, akauchanganya shimoni. Miche ikashika. Akaijengea kivuli cha nyasi, na Oktoba, mwezi wa joto kali, akaimwagilia kabla jua halijachomoza. Ilipokua, upepo wa jioni ukawa unapita kwenye sindano zile kwa sauti ya mvua inayokuja kutoka mbali. Tshibangu alikuwa akitoa kiti nje ili aisikie.

Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa kutoka Katanga. Wengine walibeba magodoro, sufuria, cherehani. Tshibangu alibeba mbegu mfukoni na ndoo ya udongo wa chini ya miti yake.

Kituoni familia zililala chini zikingoja treni. Jirani yao, mama Henriette, mwenyeji ambaye hakuna aliyemfukuza, aliwaletea bukari, ugali wa huko. Akaiona ndoo.

"Tata Tshibangu! Banakufukuza mu Katanga, na weye unakamata Katanga unatia mu ndoo?"

"Kidogo tu, mama. Habataona."

Wakacheka, kisha mama Henriette akajifuta macho kwa kitenge. "Ile miti, mi nitaichunga."

Sasa, udongo ule ukikauka, nyuzi hufa. Na bila nyuzi, mbegu ni bure. Basi ndani ya behewa, katika joto la tanuri, Tshibangu aligawa kikombe chake cha maji: nusu kinywani, nusu ndooni. Mkewe, Adolphine, alivumilia hadi walipopita Kamina.

"Batu banakufa na kiu, weye unanywesha budongo!"

"Ni maji yangu, Adolphine."

"Na weye ni bwana yangu. Ukikufa, mi nitapanda nini?"

Midomo ya Tshibangu ilikuwa imepasuka. Adolphine akakichukua kikombe, akamnywesha chote. Halafu akamimina ndooni nusu ya kikombe chake mwenyewe, akamgeuzia mgongo.

Walishukia Mwene-Ditu, huko Kasai, ambako wenyeji waliwaita watu wa Katanga. Jua la huko lilikuwa kali zaidi. Mbegu nyingi ziliota zikanyauka. Mche mmoja ulibaki kijani chini ya kivuli chake cha nyasi. Msimu wa pili mche huo ulimfikia Tshibangu gotini. Jioni moja upepo ulivuma, akainama, akautegea sikio.

"Unasema nini?" Adolphine aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado mudogo. Hauna sauti."

Adolphine akaingia ndani, akatoka na viti viwili.