Mwezi Una Siku Ngapi

Nauza dawa za mifugo hapa Bulla Pesa, lakini watu wananijua kwa sauti. Chanjo ya mbuzi ikipangwa, narekodi ujumbe kwa simu na kuwatumia watu saba. Kila mmoja anawatumia wake, nao wanawatumia wao, mpaka pale mtandao unapokatika. Kutoka hapo wachungaji wanarushiana kwa blututhi kisimani.

Nilijivunia sana mpango huo. Kumbe! Nilikuwa nasema tu "Ijumaa hii, Leparua". Rekodi ya zamani ikaanza kuzunguka tena, ikamfikia mjomba wangu kule Oldonyiro, naye akaswaga mbuzi siku mbili. Hakukuta daktari wala sindano. Mbuzi wadogo watatu walimfia njiani.

Akapanda mlima kutafuta mtandao, akanipigia. "Sauti ni yako," alisema, akakata. Wallahi, nililia mbele ya wateja. Asiponiamini tena, mbuzi wake watakosa chanjo, na ugonjwa ulikuwa umeanza kule.

Siku tatu baadaye alinipigia mwenyewe.

"Ukirekodi, taja mwezi una siku ngapi tangu uandame," akasema. "Mwezi tunauona sote. Wa kwenye rekodi usipolingana na wa juu, tunaifuta."

Basi kila rekodi ikawa inaanza hivyo: salaam aleikum, leo mwezi una siku fulani. Ya zamani ikizuka, wanaicheka, hata wasiojua kusoma. Nilifurahi kama mtoto.

Jumanne iliyopita chanjo ikapangwa tena. Nilirekodi mbio mbio, watu wamejaa dukani. Alasiri simu ikalia. Ni mjomba, yuko juu ya mlima wake, anahema.

"Nani huyo anatumia sauti yako? Anasema mwezi una siku saba. Una sita! Nimewakataza wote kisimani wasiirushe."

Uso ulinichoma. "Ni mimi, mjomba. Nimehesabu vibaya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe msichana! Rekodi upya. Mimi sihamishi mbuzi kwa hiyo."

Nikarekodi upya, polepole, huku natabasamu peke yangu. Mzee amenizuia mimi mwenyewe!

Ijumaa nilienda Leparua kusaidia kushika mbuzi. Mjomba akatokea na kundi lake lote, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikakimbia kumsalimia. Akainua fimbo kunisimamisha.

"Leo mwezi una siku ngapi?"

"Tisa, mjomba."

Akashusha fimbo. "Haya, ni wewe," akasema, na ndipo akanipa mkono.