Pumzi ya Mama Yangu

Mama alikuwa mfinyanzi pale Lyulilo, kijijini kwetu ziwani, na pumu, sisi tuliamini, ilimwingia kwa moshi wa kuchomea vyungu. Enzi hizo za Mwingereza, ilipombana kuliko siku zote, mimi na mume wangu tulimlaza ndani ya mtumbwi, kisha tukampakia kwenye lori la mpunga mpaka hospitali. Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu.

Daktari, Mzungu aliyejua Kiswahili vizuri, alimfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha mpira. Kwanza alimsukumia hewa kwa mvukuto wa kukanyaga, harakaharaka. Kifua kikatuna, kisishuke.

"Hewa inaingia, haipati njia ya kutoka," alisema. Akauacha mvukuto, akachukua mfuko wa mpira, akauminya polepole, akingoja kila pumzi itoke yote ndipo aminye tena. Kifua kikashuka. Vidole vya mama vikanishika.

Hapo akaingia daktari mwenzake, mgeni aliyekuwa matembezini. Wakazungumza Kiingereza wakichekacheka, na nikaona mguu unarudi kwenye mvukuto.

"Mbona unarudia ule?" nikauliza.

"Kidogo tu. Mgeni wangu anataka kuona tofauti."

Kifua kikatuna tena. Vidole vikaniachia. Mgeni akainama kumtazama mama shingoni kama mtu anayechagua samaki. Niliupiga teke ule mvukuto ukagonga ukuta.

"Tofauti umeshaiona wewe! Huyu ni mama yangu!"

Wakaita watu wanitoe. Mume wangu akasimama mlangoni, akawazibia njia. Daktari, uso umemwiva, akaushika mfuko.

Mama alipata nafuu. Siku ya kuondoka alimwinamia daktari. "Ndaga, baba, ndaga." Shukrani! Majirani nao wakaniita mtovu wa adabu, eti nimemtukana aliyemwokoa mama. Alimwokoa, ndiyo. Kisha akamkaba tena ili mwenzake atazame. Sioni kwa nini la kwanza linizibe mdomo nisiseme la pili.

Masika yaliyofuata kifua kilimbana upya. Tulipoleta mtumbwi, mama aligeukia ukutani.

"Siendi. Siku ile nilikuwa nasikia," alisema kwa shida. "Nilisikia wanavyocheka."

Tulimbembeleza, akakataa. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Baada ya matanga nilikwenda hospitali nimwambie yule daktari maneno hayo ya mama usoni. Nikaambiwa amehamishwa.