Ghorofa Isiyo na Mlango

Juzi kwenye ofisi ya kodi hapa Mwanza, mbele yangu kwenye foleni alisimama mama mmoja wa mlimani. Mpimaji wa majengo alikuwa ameitazama nyumba yake kutoka barabarani tu, akauhesabu msingi mrefu wa mawe unaoiinua kwenye mteremko kuwa ghorofa. Kodi ya jengo ikapanda.

"Shikamoo mama," karani alianza.

"Marahaba." Mama akaweka picha ya msingi kwenye kaunta, akaigonga kwa kidole. "Mwanangu, nionyeshe mlango wa hiyo ghorofa, niipangishe leo leo."

Karani akaisogeza picha karibu na macho. Mawe matupu. Akakata neno "ghorofa" kwenye fomu, akaandika "nyumba ya kawaida", akagonga muhuri. Tukapiga makofi.

Mpimaji asiyepanda mlima atatutoza kodi hata ya miamba! Nyuma yangu mzee mmoja akachomoka kwenye foleni.

"Mzee, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kupiga picha msingi wangu."