Nusu Doti ya Safari

Juzi, katika duka la kanga Darajani, msichana mmoja alitua begi lake huku akijisugua bega. Kesho yake alikuwa anakwenda na wenzake kwa miguu kutoka Paje hadi Makunduchi. Safari iliyopita begi lilimshinda, akarudi njiani.

“Taulo, shuka, blanketi, vyote nnaviacha,” alimwambia mwenye duka. “Nataka kanga moja, nijifutie na nijifunike.”

“Kanga haiuzwi moja, mwanangu. Ni doti.”

“Ya pili nikaifanyie nini? Bega halitaki tena.”

Bi mmoja pembeni yangu, aliyekuwa ameshaikumbatia doti yake nyekundu, aliirudisha mezani taratibu.

“Ikate hiyo doti anayoitaka yeye. Nusu yangu.”

“Bi, si ulitaka nyekundu?”

“Wewe kata.”

Ilipokatwa, bi akakikunja kipande cha msichana mpaka kikaenea kiganjani, akampa. “Haya, sare yetu hiyo. Usirudi njiani ukaniaibisha.”

Msichana akacheka, akambusu mkono.

Mimi nilikuwa nimefuata kanga ya kumbebea mwanangu. Nilitoka na doti nzima, nikimwonea wivu yule msichana.